Taa Yaonya, Haiponyi



Siku hizi wengi wetu twasafiri kwa motokaa, na sharika kadha wa kadha zina motokaa za kazi. Leo twataka kunena habari ya taa moja ndogo iliyo mbele ya dereva, yenye umbo la injini na rangi ya manjano. Twainena kwa sababu mbili. Kwanza, wengi hupoteza fedha kwa kutoielewa. Pili, taa hiyo ilitufundisha jambo tulilolihubiri miaka mingi pasipo kulishika.

Tulikuwa tukitoka Mbeya kwenda mkutanoni Iringa, safari ya kilometa zaidi ya 300. Tulipokwisha kupita Chimala, taa ile ikawaka. Motokaa ilikwenda vema, ila kila iliposimama injini ilitetemeka kidogo. Tukatazama kipimo cha joto, kilikuwa sawa. Taa nyekundu ya oili haikuwaka. Maana hiyo ikiwaka, dereva hana budi kusimama na kuzima injini papo hapo. Basi tukaendelea polepole, hata tukafika kwa fundi mmoja njiani. Yeye hakutuuliza neno. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma alama P0171, akanena kwamba sensa ya ekzosi imekufa. Akaweka mpya, akaifuta alama ile, na taa ikazimika. Tukalipa fedha nyingi, tukaenda zetu kwa furaha.

Siku ya tatu tulikuwa tukirudi. Kabla hatujafika Mafinga, taa ikawaka tena.

Hapo Mafinga tulimpata fundi mwingine, mtu mzima wa maneno machache. Mashine yake ilionyesha alama ile ile. Walakini huyu hakushika spana. Alianza kwa kuuliza: Hutetemeka injini ikiwa baridi, au ikiwa moto? Hutetemeka ikienda, au ikisimama? Nani aliifungua mara ya mwisho, na kwa kazi gani? Tukakumbuka kwamba majuma mawili yaliyopita chujio la hewa lilitolewa ili likung'utwe vumbi. Ndipo akainama, akaushika mpira upelekao hewa katika injini, akaukunja kwa mkono. Na tazama, upande wa chini ulikuwa na ufa. Akatuwekea mpira mwingine, na bei yake haikufika hata robo ya ile ya sensa. Tukamwomba aizime taa. Akajibu: “Iacheni. Tukiwa tumeponya kweli, itazimika yenyewe.” Na baada ya safari chache ikazimika yenyewe.

Yafaa tuelewe jinsi ilivyokuwa. Katika Marekani, tangu mwaka 1996, kila motokaa ndogo mpya imelazimika kuwa na chombo cha namna moja cha kuichunguza injini yake na kuandika makosa yake. Ulaya nao wakaamuru hivyo kwa motokaa za petroli mwaka 2001. Kosa huandikwa kwa herufi moja na tarakimu nne. Lakini alama hiyo yataja malalamiko, haitaji chanzo. P0171 maana yake ni kwamba hewa imezidi na petroli imepungua. Huenda mpira umepasuka, huenda pampu ya petroli imechoka, huenda chombo kinachopima hewa kimechafuka. Mashine haichagui kati ya hayo. Ile sensa ya ekzosi hukaa katika moshi na kueleza ilichokiona. Haikuwa imekufa, yenyewe ndiyo iliyosema kweli. Sisi tulimfukuza shahidi, tukamwacha mwizi ndani ya nyumba.

Kadhalika taa haina pupa. Makosa mengi huandikwa kwanza kimya kimya. Yakionekana tena katika safari ya pili, ndipo taa huwaka. Nayo yaweza kuwaka kwa jambo dogo, kama vile kifuniko cha tangi kisichokazwa. Lakini ikimeta-meta, ni onyo kali: petroli yapita bila kuungua, nayo itayateketeza masega yaliyo katika bomba la ekzosi. Hapo dereva na apunguze mwendo, na kusimama mapema awezavyo.

Sasa, ndugu, twaungame. Katika usharika mmoja tuliotumikia alikuwako kijana wa kwaya aliyeanza kulewa. Baraza la wazee, nasi tukiwamo, lilimwita. Hatukumwuliza neno, tulimsomea kosa lake. Akatengwa Meza ya Bwana, akatubu mbele ya watu, akapokewa, tukaimba. Haikupita miezi mitatu akaanguka tena. Wengine walitaka jina lake lifutwe kabisa. Ndipo mwinjilisti mmoja alipomwendea nyumbani, akaketi naye jioni mbili tatu. Akatambua kwamba marehemu baba yake aliacha deni, na shamba la viazi limewekwa rehani, na mdai huja kila jioni kumtukana mbele ya mama yake. Kijana alikuwa akiikimbia saa ile ya jioni. Twajua ulevi ni dhambi, wala deni halikuufanya kuwa haki. Lakini sisi tulikuwa tumeifuta alama, na ufa tuliuacha pale pale.

Tukumbuke habari ya bustani ya Edeni. Mungu ajuaye yote, alipomwendea Adamu aliyejificha, hakuanza kwa kupiga. Alianza kwa kuuliza. Ikiwa yeye asiyehitaji kuambiwa aliuliza, sisi tusiojua yaliyo moyoni mwa jirani twathubutuje kuhukumu pasipo kuuliza?

Tena tulifundishwa tangu darasa la kipaimara kwamba Sheria yatuonyesha dhambi, wala haina nguvu ya kutuokoa. Sheria ni kama taa ile. Ni njema, ni ya kweli, wala haifai kuichukia. Walakini haikupewa kazi ya kuponya. Aponyaye ni Kristo kwa Injili yake, naye hushuka mpaka penye ufa. Mtu akisha kuponywa humo ndani, lawama ya dhamiri hutulia. Haina haja ya kunyamazishwa kwa nguvu.

Wako wauzao motokaa kuukuu, ambao huing'oa taa ile ili mnunuzi asiione. Basi mwenye busara hugeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, akatazama: taa nzima huwaka kwanza, kisha injini ikiwaka huzimika. Isipowaka kabisa, na ashuku. Vivyo hivyo yuko Mkristo asemaye kwamba moyo wake haumshtaki kwa lolote, tangu Jumapili hata Jumapili. Asijisifu upesi. Pengine si kwamba injini ni nzima. Pengine taa imeng'olewa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi twawasihi mambo matatu. Kwanza, taa ikiwaka, katika motokaa au katika nyumba, tusiifunike wala tusitaharuki. Tutazame ni onyo la namna gani. Pili, tuulize kabla hatujanunua wala kukata: lilianza lini, huonekana saa gani, ni nani aliyegusa mara ya mwisho. Tatu, tusihesabu kazi kuwa imekwisha kwa sababu taa imezimwa. Tungoje safari chache, tukae karibu na ndugu, tuone kama kweli amepona.

Yule kijana hajaacha kupigana vita vyake. Wazee walikwenda pamoja naye kwa mdai, wakapatana malipo ya kidogo kidogo kila mavuno. Jioni hakuna tena atukanaye mlangoni pake. Naye Jumapili huketi mahali pake katika kwaya, safu ya nyuma, nasi tumwonapo huona haya, na kushukuru.

Bwana atuchunguze sisi kwanza, tulio waalimu wa wengine. Atuonyeshe ufa ulipo, na autengeneze kwa mkono wake mwenyewe. Amina.