Yakini ya Nafsi na Khabari ya Mwaminifu

Mtu akitenda jambo ambalo sheria ya nchi yake haikulikataza, kisha wakaangamia aliowachukua, je, ana lawama?

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, alirusha ndege yake kutoka New Jersey kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, naye amempakia mkewe na shemejiye. Hali ya hewa haikumkataza kuruka. Lakini marubani wengine wa usiku ule walisimulia kuwa juu ya maji, kwa ukungu, haukuonekana mpaka wa bahari na mbingu. Mwalimu mmoja wa urubani alijitolea kufuatana naye. Akasema ataka kwenda bila yeye. Saa 3 na dakika 41 ndege ilianguka baharini, wakafa wote watatu.

Wachunguzi hawakuona ubovu katika mashine. Walihukumu kuwa rubani alipotewa na mwelekeo. Na hili latokana na umbile la mwanaadamu. Ndani ya sikio mna maji yampayo mtu khabari ya kugeuka. Ndege ikipinda muda mrefu, maji hayo hutulia, na mtu huhisi yuaenda sawa. Akiinyoosha, huhisi yuapinda upande wa pili, basi huirudisha kwenye upotevu kwa nia ya kuiokoa. Vyombo vilivyo mbele yake vyasema kweli, na nafsi yamwapia kuwa vyasema uwongo.

Wanavyuoni wa Kishafii wametaja katika mlango wa kibla: aliyepewa khabari na mwaminifu ajuaye kwa yakini hana ruhusa ya kufuata ijtihadi yake, na kipofu humfuata mjuzi. Rubani wa gizani ni kipofu huyo, ijapokuwa macho yake ni mazima. Lakini kukiamini chombo kuliko mwili mzima kwataka mafunzo, na mafunzo hayo Kennedy alikuwa ameyaanza, hajayamaliza.

Basi lawama, ikiwapo, haitafutwi katika dakika ya mwisho, ambapo aliyepotewa hajui kuwa amepotewa. Yatafutwa uwanjani, msaidizi angalipo, na asubuhi yaweza kungojewa. Atakayesema kuwa ajali ilikwisha andikwa amesema kweli, wala hakujibu swali. Kwani bedui naye aliamrishwa amfunge ngamia wake, ndipo ategemee. Na fikihi humwondolea dhambi aliyeua kwa kukosea, wala haimwondolei kafara, wala haki ya jamaa wa maiti haianguki.