Bahasha ya Ahadi na Deni la Kijana

Vijana wengi wanaokuja kwa wachungaji siku hizi huanza na habari ya kukosa usingizi. Tukiwasikiliza kwa utulivu, tunakuta chanzo ni deni. Tukiwajibu kwa Mathayo 6 peke yake, kwamba wasisumbuke, wanarudi nyumbani na mzigo uleule, na juu yake hatia ya kukosa imani.

Tutazame hesabu. Kijana aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo, akaajiriwa Dar es Salaam kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, hukatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mapato. Mkononi hubaki karibu 426,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wazazi wana haki yao, wadogo zake wana ada, na kadi za michango ya harusi hazina msimu. Pengo huzibwa kwa mikopo ya simu, au ile ambayo watu wameiita kausha damu (na waliotoa jina hilo walijua walichokipata). Mwaka 2024 Benki Kuu ilifungia majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni. Hofu haikufungiwa.

Kisha kuna bahasha ya Jumapili. Je, kijana ambaye deni lake limepita tarehe atoe kwanza zaka, au alipe? Wapo wanaofundisha kwamba atoe, na Mungu atamfungulia milango. Sisi hatukubaliani nao. Fedha ambayo siku yake ya kulipwa imefika si yake tena. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya saba, anatutaka tulinde fedha na mali ya jirani. Yule mjane wa senti mbili alitoa kilicho chake. Mkopeshaji mwenye riba ya dhuluma ana hukumu yake, naye Luther aliwakemea watu hao kwa ukali ambao mimbari zetu zimeusahau. Lakini kiasi kilichokopwa hakigeuki kuwa sadaka kwa sababu hiyo.

Hatusemi kijana aache kutoa. Tunasema apange, na kupanga huko ni uwakili. Katekisimo hiyohiyo inahesabu nyumba, fedha na majirani wema ndani ya mkate wa kila siku. Basi anayetenga kodi ya nyumba kila siku ya mshahara anaiishi sala ya Baba Yetu. Aandike madeni yote kwenye karatasi moja: kiasi, tarehe, riba. Ampigie anayemdai kabla ya siku kufika. Zaidi ya yote, karatasi hiyo aione mtu mwingine, mwenzi wake au mzee wa kanisa anayejua kutunza siri, kwa kuwa deni linalofichwa ndilo linalokesha na mtu.

Nasi tuliopewa usharika tuna sehemu yetu. Kijana aliyeahidi 50,000 kwa mwezi aruhusiwe kurudi ofisini mwezi Mei na kuandika 5,000, bila jina lake kusomwa kwenye matangazo, na bila kurukwa kamati zinapochaguliwa.