Amana ya Mji na Haki ya Kuuliza

Yako maswali ambayo mtu akiyauliza huambiwa kuwa ni adui wa maendeleo. Moja katika hayo ni hili: kiongozi akitaka kuwafanyia watu jambo la kheri, je, yampasa kuwafunulia yaliyomo ndani yake, au kheri yenyewe yatosha kuwa jawabu?

Twalileta swali hili kwa sababu ya yaliyopita hapa Mombasa katika mtaa wa Buxton. Nyumba zile, zipatazo 520, zilijengwa zama za ukoloni kwa wapangaji wa baraza la mji, kisha zikarithiwa na serikali ya kaunti. Zilikuwa zimechakaa, hilo hapana awezaye kulikanusha. Kaunti ikaamua zivunjwe, yasimame majumba ya ghorofa kwa ubia na kampuni ya watu binafsi, na wapangaji wakaahidiwa shilingi 240,000 kila nyumba ili wahame. Mwaka 2021 zikavunjwa. Kabla ya hapo wako waliokataa, na walioufikisha ugomvi huo mahakamani, wakitaka kujua mkataba wasemaje na nani atakayezipata nyumba mpya. Watu wengi wa mji wakawacheka: mpangaji akatae nini, na nyumba si yake?

Hoja hii ina uzito, nasi hatutaki kuiruka. Ni kweli mpangaji si mwenye nyumba. Lakini kaunti nayo, je, ndiyo mwenyewe? Gavana hukaa miaka mitano, na akirudishwa ni mara moja tu. Ardhi ilikuwapo kabla yake na itakuwapo baada yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, yaeleza kuwa ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti imewekwa kwake kwa amana, kwa ajili ya wakaazi wake. Amana! Neno hili sisi hatukufundishwa na wanasheria. Msimamizi wa wakfu anao uwezo wa kuitengeneza nyumba ya wakfu na kuikodisha, lakini hana uwezo wa kuificha hesabu yake. Basi mwenye haki ya kuuliza si mpangaji wa Buxton peke yake. Ni mtu wa Majengo, na wa Kisauni, na wa Likoni, hata huyo aliyecheka.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuupanua msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Akampa khiyari: auze, au apewe mahali pengine, au aitoe sadaka. Abbas akakataa yote. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, naye akamhukumu Khalifa kuwa hana haki ya kuichukua. Umar akanyamaza, akaridhika. Hapo ndipo Abbas alipoitoa nyumba yake bila ya malipo. Mtu atasema: Abbas alikuwa mwenye nyumba. Ndiyo, lakini tazameni kwamba lililotakiwa kujengwa lilikuwa msikiti, na hata hivyo wema wa jengo haukufanywa hoja ya kumnyamazisha mtu.

Siku hizi twaambiwa kuwa wananchi hushirikishwa. Wengi wetu tumeihudhuria mikutano hiyo: tangazo hutoka jana, ukumbi ni leo, maelezo ni ya nusu saa, kisha hupitishwa karatasi, kila mtu aandike jina lake na sahihi. Baadaye karatasi ile huoneshwa kuwa ndiyo ridhaa ya mtaa. Mtu aliyetia sahihi kwamba alikuwapo hakutia sahihi kwamba ameridhika, na amfanyaye hivyo amemsemea uwongo.

Wala hatusemi kwamba wakaazi ni malaika. Wako wapangaji wanaomkodisha mwingine nyumba ya umma kwa kodi kubwa kuliko wanayolipa wao, na wako wapingao kwa sauti mpaka waitwe faraghani, kisha hatuwasikii tena. Haki ya kuuliza humbana na muulizaji pia.

Buxton imekwisha kuvunjwa, lakini haikuwa peke yake katika mpango ule. Khadija, Tudor, Mzizima na Changamwe nazo zilitajwa. Wanaokaa huko wasingoje tingatinga ndipo waulize. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamtaka afisa ajibu ombi la habari ndani ya siku 21, na kuliwasilisha ombi hakulipiwi, ila gharama ya kunakili karatasi. Laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Na mzee asiyejua kuandika ataeleza kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema.