Kungoja Penye Moto

Wahenga wetu wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema: Haraka haraka haina baraka. Nyingine yajibu: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Aghalabu kila mmoja wetu hushika ile inayomfaa siku hiyo: mvivu hujifunika kwa ya kwanza, na mwenye pupa hujitetea kwa ya pili. Lakini mtu aliyekabidhiwa roho za wenzake, hatari ikimfikia ghafula, aifuate ipi? Swali hilo si dogo. Leo twataka kulipima kwa mfano wa watu ambao hawapewi hata dakika moja ya kulifikiria, yaani marubani ambao injini ya ndege yao imeshika moto mara tu baada ya kuruka.

Labda msomaji wetu wa Chonyonyo, kule Karagwe, atasema: "Mambo ya ndege yatuhusu nini sisi? Safari zetu ni za pikipiki na basi." La, yatuhusu. Kwanza, siku hizi wako ndugu zetu wanaoteremka kwa basi mpaka Bukoba, na kutoka hapo hupanda ndege kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Tena mkoa wa Kagera haujaisahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19 kati ya 43 waliokuwamo. Ajali ile haikuwa ya moto wa injini, nayo ilitokea wakati wa kutua. Kwa hiyo hatutaifanya mfano wa jambo lisilo lake. Lakini ilitukumbusha sote kwamba abiria ni mtu aliyeweka roho yake mikononi mwa wengine. Pili, na hilo ndilo kubwa zaidi, hakuna nyumba isiyo na rubani wake.

Haya, tutazame yanayotendeka. Ndege inapokimbia katika njia yake kabla ya kuruka, nahodha huweka mkono juu ya vishikio vya kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Iko kasi moja iliyopigiwa hesabu mapema, kwa kadiri ya uzito wa ndege, urefu wa njia na hali ya hewa. Shida ikitokea kabla ya kasi hiyo, ndege yaweza kusimamishwa. Ikiisha kupita, nahodha huondoa mkono wake pale, maana njia iliyobaki haitoshi tena kusimama. Tangu hapo, hata injini ikiwaka moto, hana budi kuruka.

Basi kengele ya moto yalia, na taa nyekundu yawaka. Mtu asiyejua angedhani kwamba marubani watavirukia vizima-moto papo hapo. Sivyo. Huinyamazisha kengele, na mmoja wao hubaki na kazi moja tu, kuiongoza ndege. Injini moja ikipoteza nguvu, pua ya ndege huvutwa kuelekea upande wa ile iliyoharibika. Rubani ni lazima aizuie kwa mguu, ainyoshe, aipandishe. Katika mashirika mengi hakuna agusaye kitu kingine mpaka ndege ifike kama futi 400 juu ya ardhi, yaani meta 120 hivi. Hapo ndipo waanzapo kazi ya moto, kwa hatua walizozihifadhi kichwani: kupunguza nguvu za injini ile, kuifungia mafuta, kuvuta kishikio cha moto kinachozidi kuitenga injini na mafuta na umeme, kisha kuachilia dawa ya kuzimia moto iliyomo chupani. Huhesabu sekunde 30. Taa isipozimika, huachilia chupa ya pili. Baada ya hayo husoma orodha iliyoandikwa, wahakikishe kwamba hapana walilolisahau, na hurudi kutua upesi katika uwanja unaofaa.

Kwa nini wangoje? Kwa sababu ndege iliyo karibu na ardhi, tena yenye mwendo mdogo, ikikosa mwangalizi kwa sekunde chache tu yaweza kuanguka. Lakini injini imezungushiwa kuta zilizotengenezwa kuuzuia moto usienee kwa muda, na ndege ya abiria yenye injini mbili imeundwa ili iweze kupanda kwa moja. Ziko basi hatari mbili, na ile yenye kelele nyingi siyo iliyo kubwa. Kumbe kungoja kwa rubani si kukaa bure. Anatenda lililo la kwanza, akiliacha la pili lingoje zamu yake.

Liko na jambo jingine, dogo machoni lakini zito. Rubani hakifungi kishikio cha injini kwa shauri lake peke yake. Hukigusa, hutaja kwa sauti ni cha injini ipi, kisha humngoja mwenzake atazame na kukubali. Hata awe nahodha mwenye mvi, na mwenzake awe kijana wa juzi, hungoja neno la kijana.

Watu wamejifunza hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Aprili 1968 ndege ya Boeing 707 ya shirika la Uingereza lililoitwa BOAC iliruka kutoka uwanja wa Heathrow, London, ikiwa na watu 127. Mara injini moja ya upande wa kushoto ikavunjika ndani, ikawaka. Waendeshaji wakaanza hatua za injini iliyoharibika. Kengele ya moto ikalia, wakahamia hatua za moto. Katika kuhama huko, kishikio cha moto kikasahauliwa, kisivutwe. Mafuta yakaendelea kuulisha moto, hata injini yenyewe ikakatika na kuanguka. Hata hivyo nahodha aliirudisha ndege chini kabla ya dakika nne kupita tangu iruke, na watu 122 wakaokoka. Watano wakafa. Shirika halikutosheka kuwaambia marubani wake wawe waangalifu zaidi. Liliziunganisha orodha zile mbili zikawa moja, ili penye mshtuko mtu asilazimike tena kuhama kutoka hatua hizi kwenda hizi. Wenye kupenda kulaumu na wajifunze hapo: kosa la mtu mwema hutuonyesha mahali ambapo njia yahitaji kutengenezwa.

Tarehe 4 Februari 2015, huko Taipei katika kisiwa cha Taiwan, ndege ya TransAsia ya aina ya ATR, jamii moja na ile ya Bukoba, ilipata hitilafu katika injini ya kuume muda mfupi baada ya kuruka. Nahodha akasema kwamba anapunguza nguvu za injini ya kushoto. Mwenzake akamwambia angoje kidogo, wahakikishe kwanza. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kutangulia. Injini nzima ikazimwa, na ndege ikaanguka mtoni. Kati ya watu 58, wakafa 43. Tazameni: neno la kuokoa lilisemwa, tena kwa wakati wake, ila halikupata nafasi ya kusikilizwa.

Hata sisi wa Afrika ya Mashariki tunalo kaburi letu la namna hiyo. Tarehe 30 Januari 2000 ndege ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Abidjan, Ivory Coast. Hapo hapakuwa na moto. Lakini mara tu ilipoacha ardhi, chombo cha kuonya kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea kilianza kulia bila sababu. Ndege ilikuwa nzima. Rubani akaishusha pua, kama afanyavyo mtu anayeisadiki kengele, na chini yao palikuwa na giza na bahari. Kabla ya dakika moja kwisha, ndege ilikuwa majini. Kati ya watu 179 walipona 10 tu. Basi si kila kinachopiga kelele chasema kweli, na mwenye roho za watu mikononi hana budi kuvitazama vyombo vyake vingine kabla ya kuitii kengele moja.

Hapa twasikia pingamizi, nalo si la kipuuzi. Mtu atasema: "Utulivu huo ni ubaridi wa moyo. Kina mama na watoto wanalia nyuma, moto wauona dirishani, nawe wahesabu futi na sekunde! Mwenye mapendo ya kweli hukimbia." Twajibu kwamba mapendo hayapimwi kwa mtetemeko wa mikono. Anayekurupuka aghalabu anaitibu hofu yake mwenyewe; anataka kujisikia kwamba ametenda jambo. Anayejizuia ameisukuma hofu yake kando ili awatumikie wengine, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kukimbia. Wala utulivu haumkatazi mtu kujitoa. Katika ndege ile ya Heathrow alikuwamo mhudumu, binti wa miaka 22, jina lake Barbara Jane Harrison. Ndege ilipotua inawaka, alisimama mlangoni nyuma akiwatoa abiria mmoja mmoja, hata njia ya kuteremkia ilipoungua. Mwisho yeye mwenyewe hakutoka. Maiti yake ilikutwa karibu na abiria mlemavu ambaye hakuweza kujiokoa. Uingereza ilimpa nishani ya George Cross baada ya kufa kwake. Nani atathubutu kumwita baridi wa moyo? Alishika kazi yake, kwa utaratibu wake, mahali pake, mpaka mwisho.

Lakini utulivu wa namna hiyo hautoki wapi siku ya moto ikifika. Hutoka siku zilizotangulia. Marubani hurudishwa mara kwa mara katika chumba cha mazoezi kilicho mfano wa ndege, wawashiwe moto wa uongo, mpaka mikono izoee. Tena kabla ya kuruka husemezana: likitokea hili, wewe utatenda hivi, nami vile. Tarehe 20 Februari 2021 injini ya kuume ya Boeing 777 ya United Airlines ilipasuka na kuwaka dakika chache baada ya kuruka kutoka Denver, Marekani. Vipande vyake viliangukia nyumba za watu. Marubani wakazifuata hatua zao, wakarudi, wakatua. Watu wote 239 waliokuwamo wakashuka wazima. Kwao haraka ilikuwa imekwisha kufanywa zamani, katika kujiandaa, na sasa waliweza kwenda polepole. Hivyo ndivyo methali zetu mbili zinavyopatana. Usichelewe kujiandaa, ukiisha kujiandaa, mkono wako usiharakishe.

Wala wajibu huo si wa marubani pekee. Wazee wetu walikumbuka East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania, lililokwisha mwaka 1977. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege yake ya VC10 ilikuwa ikikimbia kuruka huko Addis Ababa. Ikapita juu ya kipande cha chuma kilichoachwa njiani, na gurudumu la mbele likapasuka. Nahodha akakata shauri la kusimama, lakini breki hazikutoa nguvu zake zote, kwa kuwa baadhi ya vifaa vyake vilikuwa vimefungwa vibaya. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Rubani huonekana, husifiwa au hulaumiwa. Bali fundi aliyeifunga breki na mtu aliyekiacha kipande njiani hawajulikani kwa abiria hata mmoja. Hata hivyo roho zile zilipita mikononi mwao pia.

Sasa turudi nyumbani. Mafuta ya kukaangia yakiwaka sufuriani, mwenye pupa huyamwagia maji, na moto humrukia usoni ukamuunguza yeye na watoto. Aliyefundishwa huondoa kuni au huzima jiko, hufunika sufuria kwa mfuniko, na kuiacha ipoe. Dereva wa basi gurudumu likipasuka mteremkoni, akikanyaga breki kwa nguvu zote aweza kupindua gari. Apasavyo ni kuushika usukani kwanza na kupunguza mwendo kidogo kidogo. Mtoto akishikwa na degedege usiku, wako wamtiao kijiko kinywani. Kumbe yafaa kumlaza kwa ubavu, kutomtia kitu kinywani, na kumpeleka hospitali. Katika hayo yote mkono wa kwanza kuruka ndio uharibuo.

Na hapa twafika penye kidonda chetu. Ni wangapi miongoni mwetu, baba wa nyumba, walimu, wenyeviti wa vyama, naam, hata sisi mapadre, tunaokubali kungoja neno la mdogo? Mke asema, "Tulia kwanza, tuulize," nasi twaona ametudharau. Kijana wa dereva asema breki haisikii, naye aambiwa hana adabu. Mtunza hesabu wa chama aomba hati isomwe tena kabla ya kutiwa sahihi, na mwenyekiti amwuliza kama anamshuku. Twawafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi twafundisha vema. Lakini mkuu asiyesikia la mtu huvunja miguu ya wenziwe.

Wenye ndege wamelitambua hilo, wakaliweka liwe sheria: aliye mkubwa ataje analotaka kutenda, na aliye mdogo aruhusiwe kusema "ngoja" bila kuogopa. Heshima ya nahodha haikupungua kwa hilo, na abiria wake wamepata kinga. Je, yatushinda nini sisi kuliweka liwe desturi mezani petu, shuleni, katika vyama na katika halmashauri za parokia? Mwenye madaraka na aanze yeye mwenyewe, leo, kabla ya shida yoyote kutokea. Awaambie walio chini yake: "Siku mtakaponiona nakosea, niambieni, nami nitausimamisha mkono wangu." Asipolisema neno hilo wakati wa amani, siku ya moto hakuna atakayethubutu kumwambia.