Mizani Moja kwa Zahanati Zote

Mithali 20:10 inatufundisha kwamba Bwana anachukizwa na mizani ya namna mbili. Sisi wa Tunduma, mji wa mpakani na wa biashara, fundisho hilo tunalielewa vizuri sokoni. Je, tunalielewa pia tunapopima kazi ya hospitali?

Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipa vituo vya afya vya msingi nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Ni jambo jema, maana mgonjwa ana haki ya kujua anakotibiwa. Lakini matokeo ya tiba hayatokani na mhudumu peke yake. Tuseme mama wa bonde la Momba anafika zahanati akiwa na upungufu wa damu, tena amechelewa kwa sababu nauli ya bodaboda ilitafutwa mpaka jioni. Mwenzake wa mjini anafika mapema, amekula vizuri, na ana bima. Wauguzi wawili wakiwahudumia kwa bidii ileile, taarifa zao za mwezi hazitafanana.

Jambo hili limeshaonekana nchini. Mwaka 2011 Mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya kuvilipa vituo kwa kufikia malengo, kama vile idadi ya akina mama wanaojifungulia kituoni. Watafiti waliona kwamba mwanzoni vituo vyenye wateja wa kipato kizuri vililipwa zaidi. Baadaye tofauti hiyo ilipungua.

Basi, tuvilegezee masharti vituo vya maskini? Hapa dhamiri inasita. Tukizoea kusema kwamba kule vifo ni vya kawaida, tumeifanya roho ya maskini kuwa rahisi. Hata Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini katika hukumu, kama inavyokataza kumpendelea mkubwa.

Bwana Yesu alituonyesha njia alipokaa kuielekea sanduku la hazina. Sarafu za mjane zilikuwa mbili, naye hakuziongeza. Alimpima mtoaji kwa kujua alikuwa amebakiwa na nini.

Nasi tufanye hivyo. Hesabu ya waliofariki isipunguzwe kwa sababu yoyote: mama wa Momba ahesabiwe sawa na mama wa Dar es Salaam. Lakini tunapomhukumu muuguzi, tuulize wagonjwa wake walimfikia katika hali gani. Pale ambapo yeye amefanya wajibu wake na bado mama amepotea, deni linaturudia sisi: barabara, chakula, bima, nauli.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla hatujasema mlangoni pa kanisa kwamba zahanati fulani haifai, tujiulize kama usharika wetu umewahi kutenga sehemu ya sadaka kwa nauli ya mama mjamzito asiye na kitu.