Mtoto wa Mzazi Aliyehukumiwa

Wengi husema: mtu aliyevunja sheria kwa ajili ya ulevi na atiwe gerezani, watoto wake watunzwe na wengine. Neno hili laonekana kuwa la haki. Lakini tukiitazama nchi ya Marekani twaona ya kuwa adhabu haikai juu ya mkosaji peke yake.

Mwaka 1997 walitunga sheria: mtoto akiisha kukaa chini ya ulezi wa serikali miezi 15 katika miezi 22, yapasa jimbo liombe mahakama imwondolee mzazi haki zake, isipokuwa kwa sababu maalumu. Nia ilikuwa njema, mtoto asitangetange miaka na miaka. Walakini kifungo chaweza kupita miezi hiyo, wala kuponywa ulevi si kazi ya juma moja. Tena fungu kubwa la fedha ya Serikali Kuu lilitolewa kwa mtoto aliyekwisha kutengwa; akirudishwa kwa mamaye, likakoma.

Sheria ya 2018 iligeuza jambo hilo. Sasa fedha ya matunzo yaweza kumfuata mtoto wa namna hii hata ndani ya nyumba ya matibabu, akikaa humo pamoja na mzazi wake, kwa muda usiozidi miezi 12. Nayo majimbo ya Washington (2010) na Oregon (2015) yalifungua njia ya kuwaweka wazazi wengine chini ya uangalizi badala ya gereza.

Hapo mtu atauliza: je, mwenye kosa lile lile asiye na mtoto afungwe, na huyu aachwe? Mtoto amekuwa ngao? Tofauti ipo, wala hatuifichi. Lakini nabii Ezekieli aliwakanya waliosema ya kuwa mwana huchukua uovu wa babaye. Nasi twaona kwamba hakimu asiyemtazama mwana humtwika mzigo huo bila kutamka neno. Tunachokihofu zaidi ni mtoto kufanywa dawa ya mzazi. Asiyekuwa salama humo asiwekwe humo, hata kama mama alia.

Kisha fedha ile ni ya chakula na malazi ya mtoto. Haimlipi daktari wa mamaye. Matibabu yenyewe hutafutiwa fungu jingine, na pasipo fungu hilo kitanda cha mtoto kimetandikwa katika nyumba isiyofunguliwa.