Nakala Ipi Ndiyo Asili?

Picha za reli za Magharibi ya Marekani zilizochapwa karne ya 19 zina swali gumu la asili. Mwaka 1868 Currier & Ives wa New York walitoa "Across the Continent", mchoro wa Fanny Palmer: garimoshi linakiacha kijiji na kushika njia ya magharibi, milima ikionekana kwa mbali, na moshi unawaelekea Wenyeji Asilia wawili wa Marekani waliopanda farasi. Mchoro ulichapwa kwa jiwe, kisha wanawake wakaupaka rangi kwa mkono, kila mmoja rangi yake. Hivyo hakuna nakala mbili zilizo sawasawa, na jiwe lenyewe lilikuwa chombo tu. Mkusanyaji hushika lenzi: akiona vidoti vilivyojipanga safu, anajua ni nakala ya kisasa. Hutazama pia dalili ya umri, yaani doa la kahawia pale karatasi ilipogusana na ubao wa nyuma ya fremu.

Ukweli wa picha ni jambo jingine, tena zito zaidi. Palmer hakuwahi kufika Magharibi. Reli ya kwanza ya kuvuka bara la Marekani ilikamilika 1869, mwaka mmoja baada ya picha, na maelfu ya Wachina waliotoboa miamba ya Sierra Nevada hawamo. Nakala halisi kabisa, basi, hushuhudia zaidi matamanio ya New York kuliko reli.